Mahali pa Kumkalisha Mkwe

Siku ya tatu baada ya mazishi ya Bibi Robi, wageni wengi walikuwa wameshaondoka kijijini Nyarero, na masufuria makubwa ya kuazima yalikuwa yameoshwa na kufunikwa juu ya nyasi. Chacha, mjukuu wake, alipita mbele yangu akiwa na mfuko wa shule wenye zipu mbovu. Hatukuwa tumeonana kwa miaka minane. Sikuhitaji kuuliza kilichomo, maana aliushika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai. "Bado inawaka?" nilimwuliza. "Inawaka. Mkanda ndio ulikatika, nimefunga mpira wa baiskeli." Ndani ya mfuko ule kulikuwa na miwani yetu ya uhalisia pepe, ile ya kwanza kabisa, nzito kama tofali, ambayo mtu akiivaa haoni tena mahali alipo, anaona mahali tulipompeleka. Nimeandika riwaya mbili tangu wakati ule, na watu huniuliza nilijifunzia wapi. Huwa nataja shule, kwa sababu jibu la kweli ni refu. Jibu la kweli ni mwaka mmoja, chumba kimoja cha mjini Mugumu na kigoda kimoja cha hapa Nyarero, ambacho siku ile ya tatu kilikuwa bado palepale chini ya ukingo wa bati, na juu yake hakuna mtu aliyethubutu kukaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Chumba kilikuwa cha Mwalimu Salma, aliyeletwa na serikali kutoka Tanga kufundisha hisabati, na ambaye tayari alikuwa amekaa Mugumu muda wa kutosha kuacha kulalamikia baridi ya asubuhi, ila si muda wa kutosha kuacha kulalamikia chai yetu. Tulifanya kazi sebuleni kwake, yenye kochi moja, meza ya kulia chakula isiyowahi kuliwa chakula kwa sababu ya nyaya, na dirisha linalotazama bomba la maji. Maji ya bwawa la Manchira yakija na rangi ya udongo baada ya mvua, Salma aliyaacha yatulie kwenye ndoo tatu, akasema, "Huko kwetu maji yana chumvi, huku yana shamba." Mchana tulikula ugali na sato wa kukaanga, tukiwa tumekaa sakafuni na sahani moja kubwa katikati, na hapo ndipo filamu yetu ilipotengenezwa hasa, kwa midomo, kabla kompyuta haijawashwa. Chacha alijenga vitu: kuta, nyasi, vyungu, ng'ombe. Salma alipaka rangi na mwanga, maana jicho lake lilijua kivuli cha saa nne kinavyotofautiana na cha saa kumi. Mimi niliandika maneno na kurekodi sauti. Kompyuta ilipokuwa ikigeuza kazi yetu kuwa picha tulisema inapika, na dakika moja ya filamu ilipikwa siku mbili, umeme ukiwa na huruma. Umeme ukikatika katikati, Chacha alitoka nje, akazunguka nyumba mara moja, akarudi, akaanza upya.

Tulichokuwa tukikitengeneza ni katuni ya kuingia ndani yake. Katuni ya kawaida ina mbele tu. Nyuma yako kuna ukuta wa sebule na shangazi yako anamenya viazi. Katuni yetu ilikuwa na mbele, nyuma, juu na chini ya miguu, kwa hiyo hapakuwa na pembe ya kuficha uvivu. Tulikuwa tukiijenga upya nyumba ya Bibi Robi, msonge wa udongo na nyasi ambamo Chacha alilelewa baada ya mama yake kufariki, na ambao uliporomoka kwa mvua kubwa akiwa kidato cha pili. Hapakuwa na picha yake hata moja. Kulikuwa na Bibi mwenyewe tu, ambaye sasa aliishi kwenye nyumba ya matofali na bati, futi chache kutoka pale msonge uliposimama. Tulikwenda kwake tukiwa na daftari, akatupimia mlango kwa mkono wake, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole, mara mbili na nusu. Tulimwonyesha kwenye kompyuta hatua tulizofikia, naye alizikagua kama mama anayekagua nyumba ya mkaza mwana.

"Ufagio wangu haukai hapo."

"Unakaa wapi, Bibi?" Chacha aliuliza.

"Nyuma ya mlango, kichwa chini. Umelala kwenye nyumba hiyo miaka tisa hujui ufagio unapokaa? Ndiyo maana hukuwahi kufagia, mura." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe wa Mugumu, andika. Huyu atasahau tena."

Kulikuwa na mgeni mmoja kwenye boma lile ambaye hakuwahi kuulizwa chochote, nami najilaumu kwa hilo kuliko jambo lolote la mwaka ule. Kila Jumamosi saa nne Mzee Mwita, baba yake Chacha, bwana mifugo mstaafu, alikuja kwa baiskeli, amevaa koti hata jua likiwa kali, akatundika kofia yake kwenye msumari ukutani na kukaa kwenye kigoda chini ya ukingo wa bati, mgongo ukielekea mlangoni. Mkewe, binti wa Bibi Robi, alikuwa amefariki miaka mingi. Yeye hakuacha kuja. Wala hakuingia ndani hata siku moja, kwa sababu mkwe haingii kwa mama mkwe wake, hampi mkono, hamtazami usoni anapomhudumia. Bibi alikaa ndani, yeye nje, na ukuta uliwasikiliza. Niliwahi kuwasikia nikiwa nimejikunyata kando ya kihenge nikirekodi kuku.

"Mwita, umekuja?"

"Nimekuja, Mama."

"Mvua huko kwenu?"

"Inanyesha ya kudanganya."

"Yule ng'ombe mweusi?"

"Bado ana mimba. Anatuchelewesha kama serikali."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Nilisikia yote hayo, nikazima kinasa sauti ili nisimalize chaji, nikaendelea kuwangoja kuku.

Katika kazi ile swali la kwanza kuliko yote ni kumweka wapi mtazamaji. Unachagua mahali pa kamera, na mahali hapo panakuwa mwili wa mtu. Sisi hatukubishana hata dakika moja. Chacha alisema, "Hapa," akaweka kidole kwenye mchoro, kando ya jiko la mafiga, ndani kabisa, hatua mbili kutoka kitanda cha Bibi. Palikuwa pazuri ajabu. Ukiangalia juu unaona moshi ukichuja mwanga kwenye nyasi. Kushoto vibuyu vimening'inia. Na mbele yako Bibi Robi akiwa kijana, bega moja wazi, anakunja ngozi ya kulalia, anakuinamia akupulizie moto karibu na magoti yako. Bibi mwenyewe alipovaa miwani kwa mara ya kwanza alinyoosha mkono kushika chungu, akakosa, akacheka. "Hata moshi upo. Ila hauwashi macho. Mmenionea huruma." Tukajiona tumeshinda. Kituo kimoja cha utamaduni Dar es Salaam kilikuwa kimeahidi kuionyesha tukiifikisha kabla ya mwisho wa mwezi, na zilibaki wiki tatu. Tuliona ni adabu kuionyesha kwanza nyumbani.

Ilikuwa Jumamosi. Tulimngoja Mzee Mwita akae, anywe uji wake wa wimbi, aulize hali ya barabara ya Mugumu. Salma alimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia na kumwuliza kama wanafunzi wa siku hizi wanaijua hata saba mara nane. Alikuwa na furaha. Alimwambia Chacha, "Lete hiyo kazi yako tuone kama inazidi kuchanja ng'ombe." Chacha akamvika. Nilimtazama akigeuza kichwa polepole, kushoto, juu, kulia, na mdomo wake ukafunguka kama wa mtoto. Niliona jinsi alivyoitambua nyumba. Halafu kichwa kikasimama. Nilikijua kipande kile kwa sekunde: sasa Bibi anakunja ngozi, sasa anageuka, sasa anainama. Mzee alitoa sauti ndogo, akajiburuta nyuma kwa miguu mpaka kigoda kikaanguka, akaivua miwani na kuiweka chini kwa uangalifu wa kutisha, kama kitu cha mtu mwingine. Hakupaza sauti. "Nani ameniingiza humu?" aliuliza. Hakungoja jibu. Alichukua baiskeli akaisukuma mpaka njiani bila kuipanda, kichwa kikiwa wazi juani, na kofia ikabaki kwenye msumari.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Chacha alikwenda kwake, akajibiwa kwamba mzee yuko machungani, huku anaona koti lake limeanikwa uani. Alipotaka kumpelekea kofia, Bibi alimkataza. "Iache. Mtu huwa anafuata kofia yake." Alikuwa ameketi mlangoni, mkono umeshika fimbo, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee. Akatuita tukae chini sote watatu.

"Mwita alikuwa amekaa wapi humo ndani?"

"Palepale ulipokaa wewe, Bibi," Chacha alisema. "Kila mtu anakaa pale."

"Kila mtu?"

"Kila mtu. Kamera ni moja."

"Hata mkwe?"

Kuku walipita katikati yetu. Chacha alifunika uso kwa viganja viwili, akabaki hivyo. Bibi hakumhurumia.

"Pale ni mahali pa mjukuu. Mjukuu anakaa jikoni kwangu, ananitania, ananiita mke wake, analala miguuni pangu. Wewe ulikaa pale, ukadhani dunia nzima imekaa pale. Mmemchukua mtu mzima, mchana, mbele ya watoto wake, mkamweka kitandani kwa mama mkwe wake na mkamwambia atazame." Alivuta pumzi. "Huyu ndiye aliyenijengea nyumba hii. Kila Jumamosi, tangu binti yangu afe. Sasa mniambie nitaongea na nani."

Tukiwa njiani kurudi Mugumu siku ile, Salma alianza kuongea. "Mimi nimeelewa, wallahi nimeelewa. Lakini Dar hakuna mkwe wa Bibi Robi. Tuitume hivi hivi, ya Nyarero tuirekebishe taratibu." Maneno yake yalikuwa na akili na nilitaka sana kuyakubali. Jina langu lilikuwa mwanzoni mwa filamu ile, kwa herufi kubwa, nami sikuwa nimewahi kuona jina langu mahali popote zaidi ya vyeti. Chacha alitazama dirishani. Nikasema, na bado nashangaa jinsi sauti yangu ilivyotulia, "Nyumba ni ya mtu, na mwenye nyumba hajawakaribisha wageni. Haiendi." Salma aliinua mikono juu. "Haya, mwandishi. Basi ukapike wewe leo, mimi nimeishiwa nguvu." Nilipika. Ugali ulikuwa na mabonge. Walikula wote.

Siku ya mwisho tuliyopewa na kituo cha Dar ilipita tukiwa tunajenga nje. Hapakuwa na nje kwenye filamu ya kwanza, palikuwa na mwanga mweupe tu mlangoni, kwa hiyo Chacha ilimbidi ajenge zizi, ua wa miti, kihenge, kilima cha mbali, na kigoda. Nilimsikia akinung'unika, "Nimekaa hapa miaka tisa, sijui mlango huu unafananaje ukiwa nje." Aliuacha wazi mlango wa msonge, na ndani akaacha kila kitu kama kilivyokuwa, moto, vibuyu, Bibi na ngozi yake, japo mtu wa kigodani asingeviona bila kugeuka. Salma alimwuliza kwa nini asiufunge, angepunguza siku nne za kupika. "Ukifungwa," Chacha alisema, "heshima haina kazi." Nilikiandika kisentensi kile kwenye daftari na nimekiishi tangu hapo. Tuliweka pia swali mwanzoni, kabla ya picha yoyote, kwa sauti ya Bibi: wewe ni nani kwangu? Jibu ndilo lililompa mtazamaji mahali pa kukaa. Mjukuu na binti waliingia jikoni. Mkwe alikaa nje. Mgeni asiyejulikana alikaa nje vilevile, mpaka ajulikane.

Sauti ya nje ilikuwa kazi yangu, na kwa kazi ile nilikwenda kukaa kwenye kigoda chenyewe, mgongo mlangoni, kinasa sauti mapajani. Niligundua kwamba nilikuwa kiziwi mwaka mzima. Nyumba ikiwa nyuma yako inasema zaidi. Nilisikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, kikohozi, kuni ikivunjwa gotini, nikajua Bibi yuko wapi kwa kila hatua kuliko nilivyowahi kujua nikimtazama. Nilimwomba aseme anavyosema na mkwe wake. "Mwita, umekuja?" alisema kutoka ndani. Nami, kwa kujipendekeza, nikajibu, "Nimekuja, Mama." Kisha akasema kwa ukali, "Wewe wa Mugumu, funga mdomo. Mwachie nafasi ajibu mwenyewe." Tukaanza tena. Aliuliza habari za mvua, akanyamaza kiasi cha mtu kujibu. Aliuliza habari za ng'ombe mweusi, akanyamaza zaidi, kwa sababu, alisema baadaye, Mwita huwa anarefusha habari za ng'ombe. Aliuliza, "Umekula?" akangoja. Halafu akamaliza: "Basi kaa, chakula kinakuja." Sijawahi kuandika mazungumzo mazuri kuliko yale ambayo nusu yake sikuiandika.

Chacha ndiye aliyekwenda kwa baba yake. Alinisimulia walivyoongea, wamesimama pande mbili za ua.

"Sitaki kuvishwa tena kitu chako," mzee alisema.

"Tata, sasa umekaa nje."

"Nje wapi?"

"Kwenye kigoda."

Mzee alikwangua tope kwenye fimbo yake kwa muda mrefu. "Mgongo umeelekea wapi?"

"Mlangoni."

Mzee akaichomeka fimbo ardhini. "Jumamosi nitapita kuchukua kofia."

Alipita. Aliitoa kofia kwenye msumari, akaipangusa vumbi, akaitundika tena palepale, kisha akakaa. Alinyoosha mkono kwa Chacha, kiganja juu, akapewa miwani. Sisi hatukusikia kitu, maana sauti ilikuwa masikioni mwake, lakini tulisikia yake. "Nimekuja, Mama." Kimya. "Inanyesha vizuri sasa." Kimya. "Amezaa! Dume, jeusi kama yeye, limetoka kwa matako, nimelivuta mwenyewe kwa mikono hii, daktari nimemrudisha njiani…" Ndani ya nyumba ya matofali Bibi Robi, yule wa kweli, aliacha kupepeta.

"Mwita, unaongea na nani?"

"Na wewe, Mama."

"Mimi sijasema kitu bado!"

Mzee alicheka akiwa amevaa ile miwani, mabega yakitikisika, na kutoka ndani Bibi alicheka pia, na Salma akalia waziwazi, akisema ni vumbi. Filamu yetu haikwenda Dar mwaka ule. Ilikwenda mwaka uliofuata, ikiwa na swali lake mwanzoni, na niliambiwa watu walipanga foleni, na wengi wao wakiulizwa wao ni nani walichagua kukaa nje.

Haya yote yalinipitia siku ile ya tatu, Chacha akiwa ameshika mfuko wenye zipu mbovu. Mzee Mwita alitoka upande wa zizi, amekonda, koti limekuwa kubwa. Alitundika kofia. Alikaa kwenye kigoda na kunyoosha kiganja. Chacha alimvika na kuukaza ule mpira wa baiskeli nyuma ya kichwa chenye mvi. Nyumba ya matofali ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Nilisimama karibu, nami sikuhitaji kusikia. Zile nafasi nilizirekodi mwenyewe, nazijua urefu wake kama ninavyojua kupumua.

"Nimekuja, Mama," alisema.

Mvua, nikahesabu.

"Ya kutosha. Imenyesha hata juzi, tukiwa kule na wewe."

Ng'ombe. Nafasi ndefu.

"Yule alikufa, Mama. Lakini dume lake lipo. Na wajukuu wake wapo kumi na mmoja, nitakuja nikuhesabie mmoja mmoja."

Umekula?

Hapo alichelewa. Nafasi ilikaribia kuisha. Nyuma yake, kwenye dunia ile aliyokuwa ndani yake, mlango ulikuwa wazi, moto unawaka, na Bibi Robi alikuwa kijana, mzima, anakunja ngozi. Ilimtosha kugeuza shingo tu. Mimi ningegeuka. Mzee Mwita aliweka mikono miwili magotini na kutazama mbele, kwenye zizi.

"Bado, Mama," alisema. "Nangoja."

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaivua miwani, akaipangusa vioo kwa pindo la koti na kumrudishia mwanawe.

"Jumamosi uje nayo," alisema. "Na huo mpira utafute mwingine. Unabana masikio."